Mashimo ya Barafu

Mkurugenzi wa hospitali alitaka neno moja tu katika ripoti: "alibadilisha." Alikwisha kulitumia mwenyewe mara kadhaa kabla mpelelezi hajavuta kiti. Fundi alibadilisha vipande vya tishu, akampa mgonjwa mmoja saratani ya mwenzake. Fundi mwenyewe yu karibu kustaafu, amechoka macho na amechoka akili. Neno hilo likishaandikwa, polisi watamchukua, familia ya mgonjwa itatulia, na hospitali itaendelea na kazi zake. Mpelelezi alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba ufunguo wa kabati la slaidi, vile vioo vyembamba vya kuwekea tishu, akashuka ngazi kwenda maabara.

Hakuhitaji kuelekezwa. Ujanani mwake, kabla hajaingia katika kazi ya kuchunguza ajali za hospitali, alikuwa mwanafunzi katika maabara ile ile, chini ya fundi yule yule anayetuhumiwa. Alikwisha kuwaarifu wakubwa zake jambo hilo, akitumaini watamtuma mtu mwingine. Walimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumtuma yeye, kwa kuwa ofisini hapakuwa na mwingine aliyejua hata mashine ya kukatia tishu hufunguliwa upande gani.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mshonaji mmoja, mwanamke kijana aliyeolewa mwaka juzi, alipasuliwa ili atolewe uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Akiwa bado amelala mezani, tumbo li wazi, kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara kikagandishwe, kikatwe na kusomwa kwa darubini, ili mpasuaji ajue aondoe kiasi gani. Jibu lilirudi: saratani. Mpasuaji akaondoa vifuko vyote viwili na kizazi. Siku chache baadaye sehemu iliyobaki ya uvimbe, iliyotengenezwa kwa njia ndefu ya nta, ikasomwa kwa utulivu kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na saratani. Haikuwahi kuwapo.

Asubuhi hiyo mpelelezi alikuwa ameanzia nyumbani kwa mshonaji. Mumewe alisimama mlangoni muda wote, akasema anayemshuku ni shemeji yake, mke wa kaka yake, aliye muuguzi katika chumba cha upasuaji na ambaye hajapata kumpenda bibi arusi huyu. Mpelelezi aliifuatilia shuku hiyo kwa simu palepale barazani. Muuguzi alikuwa likizo, mji mwingine kabisa, akimuuguza mama yake. Mume akainamisha kichwa kama mtu aliyenyang'anywa fimbo.

Mshonaji mwenyewe hakumtaja mtu. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani isiyo na uzi, mikono imelala juu ya meza.

"Kama majibu ya mgonjwa mwingine nilipewa mimi," alisema, "basi ya kwangu kapewa yeye. Kuna mwanamke ameambiwa mzima. Anafua, anabeba watoto, na kitu kinamla. Mtafuteni huyo kwanza. Mimi nitangoja."

Maabara ilikuwa imepakwa rangi mpya, lakini sinki lilikuwa lile lile, lenye madoa ya zambarau ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Chupa za rangi zilipangwa dirishani kwa mpangilio ule ule: bluu ya kuonyesha viini, waridi ya kuonyesha nyama, kisha spiriti kwa safu. Kwenye kona ilisimama mashine ya baridi ya kukatia tishu, sanduku refu jeupe lenye dirisha la kioo juu na gurudumu la kuzungusha ubavuni. Ilinguruma kama paka mzee. Mpelelezi aliutambua mngurumo ule kabla hajaiona.

Bi Baridi, yule fundi anayetuhumiwa, alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani. Jina hilo alipewa na mafundi wa zamani kwa sababu alitumia maisha yake mikono ikiwa ndani ya barafu, na yeye akalipokea kwa kicheko, akisema afadhali Bi Baridi kuliko Bi Moto, maana Bi Moto watu wangemkimbia. Mpelelezi alimwamkia kwa heshima. Bi Baridi alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Pumzi," alisema. "Umenenepa."

Jina hilo hakuna aliyelitumia tangu alipoondoka. Katika mwaka wake wa kwanza, kila alipoinama juu ya dirisha la mashine kutazama kisu, pumzi yake iliteremka ndani, na kipande chembamba kama ganda la kitunguu kikajikunja au kikayeyuka kabla hakijafika kwenye kioo. Bi Baridi alimvumilia kwa wiki kadhaa, kisha akawaambia wenzake kwamba wengine wanapumua hewa, huyu anapumua mvuke, na kwamba anaamini kabisa mtoto huyu hakuzaliwa, alichemshwa. Akamfunga kitambaa mdomoni. Akamfundisha kushusha pumzi kwa pembe ya mdomo, kuzungusha gurudumu bila kusita, na kuilaza brashi juu ya ukingo wa kipande kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala asije akamwamsha.

Sasa mpelelezi hakumwuliza habari za nyumbani. Alimweleza kwamba amekuja kumchunguza, kwamba kila atakalosema litaandikwa, na kwamba ana haki ya kuwa na mtu wa kumshuhudia. Bi Baridi alijibu kwamba amesikia, na kwamba shahidi wake ni mashine, kwa kuwa ndiyo iliyokaa naye kuliko mtu yeyote isipokuwa marehemu mumewe. Mpelelezi akaandika: hakutaka shahidi.

Alianza na kabati. Aliomba slaidi ya mshonaji na slaidi ya mgonjwa aliyetangulia siku ile, mama mtu mzima aliyekuwa akipasuliwa titi. Ikiwa vipande vilibadilishwa, hoja ilikuwa rahisi: kioo cha mama huyo kingekuwa na tishu ya kifuko cha mayai, na kioo cha mshonaji kingekuwa na titi. Alizipeleka slaidi kwa daktari wa darubini, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyokaa daima juu ya paji la uso, ambaye ndiye aliyesoma majibu yote mawili. Darubini yake ilikuwa na macho mawili ya pili, ili watu wawili waangalie kwa pamoja. Wakainama.

Kioo cha kwanza kilikuwa titi, na saratani ilikuwa ya kweli; mama yule alitibiwa kwa haki. Kioo cha pili kilikuwa kifuko cha mayai, karibu chote.

Mpelelezi alijitenga na darubini, akatoka nje uani, akampigia simu mshonaji. Alimwambia hapakuwa na kubadilishana. Kila mgonjwa alikatiwa kipande chake mwenyewe, na yule mwingine alipewa jibu lililo lake.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke huko nje?"

"Hakuna."

"Una hakika, au unanituliza?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Alimsikia akivuta pumzi. "Basi leo nitalala," mshonaji alisema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na mimi je?" Mpelelezi akamjibu kwamba hilo bado analitafuta.

Aliporudi alimkuta daktari hajainua kichwa. Daktari alisema, bila kuulizwa, kwamba kioo kile ni kibaya na kwamba alikiona kibaya tangu siku ile. Tishu yote imetoboka mashimo kama sifongo. Barafu ikiganda polepole hujenga fuwele kubwa, fuwele zikapasua seli, na kinachobaki ni matundu yasiyosomeka. Mpasuaji alikuwa kwenye simu, mgonjwa yuko mezani. Angeweza kudai kioo kingine. Hakudai.

"Nilisoma mahali panaposomeka," alisema. "Pembeni hapa. Hapa palikuwa safi. Seli moja moja unaihesabu. Na hapa ndipo saratani ilipokuwa."

Mpelelezi alirudisha jicho kwenye darubini, akaisogeza slaidi hadi pembeni. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akaomba daktari alete tena kioo cha yule mama wa titi, akavitazama kwa zamu, hiki na hiki, hiki na hiki.

"Daktari, kipande kimoja cha tishu kinagandishwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa mwendo mmoja?"

"Kwa mwendo mmoja. Hakiwezi nusu kuganda leo na nusu—" Akakatisha. Miwani ilishuka toka pajini hadi puani.

Kioo kimoja kilikuwa na barafu mbili. Tishu ya mshonaji iligandishwa polepole, ikatoboka. Ile chembe ya pembeni, ndogo kuliko punje ya mchele, iligandishwa haraka, na mtu anayejua. Haikuwa na shimo hata moja. Seli zake zilikuwa seli za titi la yule mama. Ilikuwa imebebwa, ikatua juu ya kioo cha mtu mwingine, ikakaa mlangoni kama mgeni nadhifu katika nyumba iliyobomoka, na daktari akamsalimia mgeni akidhani ndiye mwenye nyumba. Kama chembe ile ingegandishwa vibaya kama tishu ile nyingine, isingesomeka, na mshonaji angekuwa na kizazi chake.

Swali lilibaki chembe ilibebwa na nini. Kisu kilibadilishwa baina ya wagonjwa. Wote walikubaliana, na makasha ya wembe yalithibitisha. Ilibaki brashi.

Fundi wa pili aliitwa Upesi, mwanamume wa makamo aliyekuwa hawezi kufunga mlango bila kuwa tayari amefungua mwingine. Ndiye aliyekata kipande cha mshonaji. Bi Baridi alikata cha mama wa titi, akamwachia mashine, akaenda kupaka rangi slaidi yake. Upesi aliingia akiwa amejiandaa kwa vita. Alianza kwa kueleza mambo asiyoulizwa: kwamba ana watoto, kwamba yeye si mtu wa kuchongea wakubwa, kwamba simu kutoka upasuaji ilikuwa inalia kama mtoto mwenye njaa. Mpelelezi alimwacha amalize upepo.

Alimwuliza aligandisha vipi. Upesi akakiri kwa shida kwamba hakukitumbukiza kipande katika kikombe cha kimiminika kilichopozwa kwa nitrojeni, kama inavyotakiwa. Kikombe kilikuwa kinahitaji kujazwa upya, na kujaza kunachukua muda. Alikiweka kipande juu ya rafu ya mashine kigande chenyewe. Alijua kitatoboka kidogo. Hakujua kitatoboka hivyo.

"Na brashi?"

"Nilichukua iliyokuwamo ndani."

"Uliitazama?"

"Niitazame ya nini, kaka? Brashi iliyomo ndani ni safi."

Alisema bila kujitetea, kama mtu anayesema maji yanateremka. Mpelelezi hakuandika mara moja. Hata yeye angesema vivyo hivyo, na kwa maneno hayo hayo. Kwa Bi Baridi, kila mgonjwa ana brashi yake: kazi ikiisha, mkono unaotoka ndani ya mashine unatoka na brashi, na brashi inakwenda moja kwa moja katika mtungi wa spiriti. Haiwekwi rafuni hata kwa kupiga chafya. Brashi iliyotumika haikai ndani, kwa hiyo iliyo ndani haijatumika. Vizazi vya mafundi walilelewa kwa kanuni hiyo, na kwa kuwa haikuwahi kuvunjwa, hakuna aliyefundishwa kutazama. Mazoea yana taabu, wahenga walikwisha kusema; lakini hapa mazoea yenyewe yalikuwa mazuri.

Alimwuliza Upesi kama angeweza kuichafua brashi mwenyewe kwa kazi ya awali. Hakuwa na kazi ya awali. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia zamu, na mlinzi wa geti alilithibitisha hilo. Mpelelezi akamwachia aende. Upesi alitoka taratibu, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona.

Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye chupa za rangi, ukuta wa nyuma ukawa na mapande ya waridi na bluu. Miaka ile, saa kama hii, Bi Baridi alikuwa akiwaruhusu kupumzika, akawahadithia vituko vya wapasuaji wa kale, mmoja wao aliyemletea jino akidhani ni jiwe la nyongo. Mpelelezi alikaa mbele yake kwenye kigoda kile kile kirefu, miguu sasa ikifika chini.

Alimweleza alichokiona katika kioo. Hakupunguza, hakuongeza. Bi Baridi alisikiliza kichwa kikiwa upande, na mpelelezi alipofika kwenye ile chembe isiyo na shimo alitabasamu kidogo kwa fahari, kisha akaelewa fahari ile inamaanisha nini, na tabasamu likaondoka.

"Brashi niliitoa," alisema.

"Una hakika."

"Niliitoa, nikaitia kwenye mtungi, nikafunika. Nakumbuka."

"Mama, unakumbuka siku ile, au unakumbuka kila siku?"

Mashine ilinguruma. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, likipiga kelele kila linapozunguka.

Mpelelezi alitoa kwenye mfuko karatasi iliyofungwa figo la mbuzi kutoka buchani. Alimwomba amkatie kipande kama alivyokata siku ile, kuanzia mwanzo hadi slaidi iwekwe mezani, bila kuharakisha na bila kujionyesha. Alimwita daktari wa darubini asimame mlangoni awe shahidi. Bi Baridi alilitazama figo, akasema kwamba katika umri wake ameshakatia watu wa kila aina lakini mbuzi ni wa kwanza, na kama mbuzi akidai majibu nani atampigia simu. Daktari alicheka. Mpelelezi alianza kuangalia mikono.

Alijaza kikombe. Alikata mche mdogo wa figo, akaulaza juu ya kibao cha chuma, akaumwagia gundi nzito ya kugandishia mpaka ukazama. Akakishika kibao kwa koleo, akakitumbukiza, na midomo yake ikaanza kusoma kimya ile hesabu aliyowasomesha wote. Gundi ikageuka nyeupe kama maziwa. Akakifunga kibao ndani ya mashine, akaingiza mikono yote miwili, akavuta kioo cha dirisha hadi usawa wa viwiko.

Halafu gurudumu. Mpelelezi alikuwa amesahau mlio wake. Kwanza mkwaruzo wa gundi, kisha, kisu kilipoifikia tishu, mlio laini kama wa hariri inayochanwa mbali. Mkono wa kulia ulizunguka bila kusita. Wa kushoto ulishika brashi, na kutoka kwenye ncha ya kisu kilishuka kipande kisichoonekana ila kwa jinsi kilivyovunja mwanga. Brashi ilikishika ukingo, ikakivuta, ikakilaza. Hapakuwa na kunjo. Bi Baridi akateremsha kioo cha slaidi, na kipande, kabla hakijaguswa, kikaruka chenyewe kutoka kwenye baridi kwenda kwenye kioo chenye joto, kikashikamana. Mbele ya mruko huo mpelelezi aliwahi kupiga kelele za furaha akiwa kijana, akaharibu kazi yote kwa pumzi.

Alikata cha pili, na cha tatu. Pumzi zao watatu zilikuwa zimeanza kutia ukungu dirishani. Mpelelezi alisogea ubavuni mwa mashine, pasipo na ukungu.

Ndivyo alivyoona. Mkono wa kulia ulikuwa unatoa slaidi ya mwisho. Wa kushoto, chini ya ukungu, ulilegea kidogo, wala si kwa haraka. Vidole vilifunguka kama vya mtu anayesinzia, na brashi ikateleza, ikabingirika hadi kando ya kisu, ikalala katika vumbi la barafu na mabaki ya figo. Vidole vikajikunja tena pale pale, vikiwa vimeshika hewa. Mikono ikatoka. Bi Baridi alifunga dirisha, akageuka kwenda kwenye mtungi wa spiriti, akainua kifuniko. Akaufikisha mkono wa kushoto juu ya mtungi, akafungua vidole, akavitingisha mara moja kuangusha kile ambacho hakikuwapo. Akafunika.

Aliendelea na slaidi. Spiriti, bluu, maji, waridi, spiriti tena. Daktari alipiga hatua. Mpelelezi alimzuia kwa kiganja mpaka slaidi ilipowekwa mezani, nzuri, yenye kung'aa.

"Mama, brashi iko wapi?"

"Kwenye spiriti," alisema, akifuta meza.

"Naomba unionyeshe."

Alifunua mtungi. Alitazama humo muda ambao mtungi mtupu hauhitaji. Kisha akaenda kwenye mashine, akafuta ukungu kwa mkono wa koti, akainama. Hakulia, wala hakusema mashine ni mbovu au kwamba amechoka. Alivua glavu, akainua mkono wa kushoto karibu na macho, akautazama mbele na nyuma kama bidhaa anayofikiria kuirudisha dukani.

Mpelelezi alimwuliza ameacha kuhisi vidole tangu lini.

Alisema vilikuwa vinafa ganzi kwa miaka, kama vya kila fundi wa mashine hii, vikipona kila jioni kwa maji ya moto. Baadaye alianza kuongoza mkono kwa macho, akaona unamtii. Dirisha likiwa safi, aliona vidole vimeshika nini. Likiwa na ukungu, hakujua. Akafikiri kidogo, kwa sababu swali lilikuwa tangu lini, na yeye alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa.

"Siku mume wangu alipofariki," alisema, "nilikaa nimemshika mkono. Dada zake wakaniuliza, bado ana joto? Nikawaambia ameshapoa. Wakamgusa, wakasema mbona ana joto bado. Nilidhani ni majonzi." Alikunja vidole, akavikunjua. "Hayakuwa majonzi."

Daktari aligeukia dirisha. Mpelelezi alikuwa na kalamu mkononi.

"Ilikuwa mwezi gani, Mama?"

Daktari alimtazama kwa hasira ya wazi. Bi Baridi hakumkasirikia. Alikuwa amemfundisha yeye kuuliza hivyo: usiulize tishu inauma kiasi gani, uliza imetoka wapi na lini. Akamjibu. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua zilipoanza.

"Kwa hiyo kuanzia mwezi wa nne," mpelelezi alisema polepole, "kila ulipotangulia wewe, akafuata mwingine..."

"Nimeshafika huko," alisema Bi Baridi. "Wewe ndiyo unafika."

Mpelelezi alimwambia lile neno la mkurugenzi halitaandikwa, kwa sababu halikutokea. Ataandika kwamba aliiacha brashi ndani bila kujua. Kwamba alikuwa na ganzi, hakuitaja, na alipaswa kuitaja. Kwamba fundi wa pili aligandisha vibaya na daktari akaridhika na kioo kimoja. Hakuna polisi katika maneno hayo. Lakini Bi Baridi hatakata tena. Si kesho, wala hata kama ataombwa. Bi Baridi alitikisa kichwa kukubali kila kipengele, kama anayesikiliza mwanafunzi akitaja hatua za kazi kwa mfuatano na kuona hakuna aliyoiruka.

"Na yule binti?" aliuliza. "Utamwambia ni nani?"

"Nitamwambia."

"Mwambie nitakwenda. Akinifukuza nitarudi. Akinifukuza tena, basi."

Daktari alikuwa ameshafungua kabati. Trei za slaidi tangu mwezi wa nne zilijaa rafu mbili. Alizishusha moja moja mezani, akawasha taa ya darubini, akaishusha miwani. Bi Baridi alivuta kigoda kirefu hadi kwenye mwanga wa dirisha. Aliinyosha mikono kupokea trei ya kwanza, akasita, akairudisha kwapani, akamwambia mpelelezi aiweke mezani mbele yake. Mikono haifai, alisema, lakini macho hayajastaafu, na hakuna anayejua kuliko yeye ni kioo kipi kilifuata kipi. Akaanza kusoma lebo kwa sauti, na daktari akaanza kuangalia.

"Safi," daktari alisema.

Bi Baridi akasoma inayofuata.

"Safi."

Mpelelezi alikusanya karatasi zake, akaaga kwa kuinama, akaanza kupanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi. Sauti zile mbili zilimfuata, moja ikisoma, moja ikijibu, kwa mwendo wa gurudumu lisilosita: lebo, safi, lebo, safi. Alizoea kupanda ngazi hizi jioni na sauti ile moja nyuma yake, ikimkumbusha mtu fulani afunike spiriti. Alikuwa amefika katikati aliposikia lebo ikisomwa, na baada ya lebo, kimya.

Alisimama, mkono juu ya reli. Alingoja neno lile litoke. Halikutoka. Kilichosikika ni mlio mdogo wa slaidi ikisogezwa chini ya darubini, ikirudishwa, ikisogezwa tena, na sauti ya Bi Baridi ikiuliza, kwa utulivu mkubwa, ni upande gani wa kioo.

Mpelelezi aligeuka, akashuka.